Nyumba Isiyo na Fundo

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo daktari aliponiambia kwamba itabidi nishonwe, swali langu la kwanza lilikuwa mshono gani. Akanitazama juu ya miwani yake. Nadhani alizoea wanawake wanaouliza kama itauma. Akachukua karatasi, akachora duara, akazungusha mstari pembeni mwake, akasema uzi unapita hivi kwenye mlango wa kizazi, unakazwa, halafu unapigwa fundo ili mlango usifunguke kabla ya wakati. Nikamwambia, "Aa, kama kiuno cha bukta." Akasema ndiyo, kama kiuno cha bukta, ila nisiende kumtangazia mtu kwamba yeye ndiye aliyesema.

Nieleze nilifikaje kwenye kiti kile. Ilikuwa enzi ya ubinafsishaji, na Morogoro mjini kila aliyekuwa na kazi alikuwa anasubiri kuambiwa hana. Kiwanda alichofanyia kazi mume wangu kilipata mwekezaji, mwekezaji akakigeuza ghala, na mume wangu akarudi nyumbani na saa ya ukutani aliyopewa kama shukrani. Akaingia kwenye mitumba. Yaani katika biashara zote za dunia hii, akachagua ileile iliyoniua mimi, maana nani atanipa kitambaa nimshonee gauni wakati la Ulaya limeshashonwa na limeshavaliwa na limefika sokoni na harufu yake? Tukawa tunalala kitanda kimoja, mshindani na mshindani.

Kipindi hicho nikaanza kutokwa na damu kidogo kila baada ya tendo la ndoa. Nikanyamaza kwanza, kama tunavyonyamaza sote, halafu nikaenda. Wakanipima, wakachukua utelezi, wakaupeleka Dar es Salaam, majibu yakaja. Chembe za mlango wa kizazi zilikuwa zimeanza kuharibika. Haikuwa saratani, lakini ilikuwa njiani inakuja, na kilichoileta ni kirusi kinachoambukizwa kwa kulala na mtu. Kinaitwa HPV.

Sasa, enzi zile neno kirusi lilikuwa na maana moja tu mjini. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu, na kabla daktari hajamaliza sentensi, akaanza kuungama. Akamuungama mwanamke wa Kilosa. Sikuwa namjua mwanamke wa Kilosa. Akamuungama na mwingine wa bohari ya kiwandani, zamani kabla hajanioa, na alikuwa anakaribia kumfikia wa tatu daktari alipomwinulia mkono. Akamwambia, "Mzee, hiki si kile unachokifikiria. Hiki karibu kila mtu aliyewahi kulala na mwenzake anakipata. Wengi mwili unakifukuza bila wao kujua. Wachache kinakaa miaka, kinaharibu. Hakuna anayeweza kujua nani alimletea nani, wala lini." Mume wangu akabaki ameshika maungamo yake mkononi, hana pa kuyarudisha. Wa Kilosa tulikuja kumzungumza nyumbani, na tulimzungumza vizuri sana.

Nikapelekwa Dar, nikakatwa. Wanaondoa kile kipande kilichoharibika, wanaacha kizima, kama unavyotoa kola iliyoliwa na kuacha shati. Nikapona, nikashukuru Mungu, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Halafu nikashika mimba, na mimba ile ilifika mwezi wa tano. Nilikuwa nashona sare za kwaya ya parokia. Sikusikia uchungu hata kidogo, nilisikia maji tu, nikadhani nimemwaga kikombe. Alikuwa mtoto wa kiume. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu siku ile, kwa sababu sitaki. Nilikuwa na hasira na kila kilicho hai, hata kuku.

Baadaye wakanieleza. Wanawake wengi waliokatwa kama mimi wanabeba mimba zao na kuzaa bila shida yoyote. Lakini wengine mlango unabaki mfupi, dhaifu, mtoto akianza kuwa mzito unajifungukia wenyewe. Kukatwa kuliniokoa maisha, na kukatwa huko huko ndiko kulikomponza mtoto. Nishike lipi? Mimba ya pili ilipoingia sikungoja, nikaenda kwa daktari huyu wa bukta, na mwezi wa tatu ukiisha akanitia uzi. Akaniandikia kwenye kadi ya kliniki kwa wino mwekundu kwamba nimeshonwa, na akanionya: uzi utatolewa mimba ikikaribia kutimia. Uchungu ukitangulia, nikimbie hospitali ukatwe mara moja, la sivyo mlango utachanika.

Niliazimia jambo lile libaki kati ya watu watatu. Mume wangu, ambaye siri kwake ni kama maji kwenye tenga, akampigia simu mama yangu jioni ileile.

Mama alikuwa anaishi kwetu, juu milimani, Kinole, kwenye machungwa na pilipili manga. Ili muelewe kilichofuata, inabidi mjue jambo moja. Kwa wanawake wa ukoo wetu, mwenye mimba hakai karibu na fundo. Hafungi mzigo wa kuni, hafungi mchicha, hasuki nywele, na mimba ikikua hata wanaomzunguka wanaanza kufungua vitu vyao, kwa sababu fundo linafunga njia ya mtoto. Bibi yangu alipozaliwa, inasemekana walifungua hadi paa. Sasa fikiria mama yangu, mtu wa mila hiyo, anaambiwa kwa simu yenye mikwaruzo kwamba mtoto wake amefungwa fundo, na si begani wala miguuni, ni palepale penyewe.

Kesho yake walishuka. Mama, dada zake wawili, na mjomba wangu. Kwetu ukoo unakwenda kwa mama. Mtoto nitakayemzaa ni wa kwetu, na mwenye kauli ya mwisho juu yake ni mjomba, siyo baba. Mume wangu ni mtu wa Singida. Miaka yote ile alikuwa hajalielewa jambo hilo, na alipoona mjomba anakaa kwenye kiti chake bila kuulizwa, akaenda kukaa kwenye ndoo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani kakufunga?"

Nikaeleza. Nikaeleza habari ya kirusi, ya kukatwa, ya mtoto wa kwanza, ya bukta. Mama akaanza kulia palepale, akasema wa kwanza aliondoka kwa sababu nilikuwa nashona, nashika uzi mchana kutwa na kupiga mafundo, na sasa badala ya kutubu nimekwenda kutiwa fundo lenyewe ndani. Nikamwambia, "Mama, wa kwanza aliondoka kwa sababu hakukuwa na fundo." Akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayesema maji yanaunguza na moto unalowesha. Mjomba akasema twende kwa daktari wote.

Daktari kwa asili alikuwa mtu wa Tabora, yaani mtani wetu, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yangu na msiba wangu. Mtani hakasirikiwi. Mjomba alijipanga mbele ya meza yake kama anayekwenda kuzungumzia mahari, akatoa hoja: mtoto wa ukoo amefungwa bila ukoo kuambiwa, tunaomba afunguliwe. Daktari akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Watani, nyie mnafunga mchicha na ndizi mnateremsha sokoni, mimi nimewasema? Niacheni na mimi nifunge changu." Mama mdogo mmoja alicheka akajiziba mdomo. Halafu daktari akaacha utani, akawaambia polepole kwamba akiufungua uzi leo, mtoto atatoka leo, na wa leo hawezi kuishi. Mama akaacha kulia. Hilo alilisikia.

Mjomba akafikiri muda mrefu, wagonjwa wengine wanachungulia mlangoni. Mwisho akatoa hukumu yake, na sijawahi kusikia hakimu aliyesoma akatoa hukumu iliyobana hivyo. "Kufuli," akasema, "si fundo. Kufuli linafunga lakini lina ufunguo. Hiki cha daktari nacho kina ufunguo, na ufunguo ni daktari mwenyewe. Basi na kibaki. Ila kwa masharti mawili. La kwanza, fundo hili lisiwe na wenzake: nyumbani kwake kisifungwe kitu kingine chochote hadi azae. La pili, mwenye ufunguo hasafiri." Daktari akakubali yote mawili. Angekubali na la tatu, alikuwa na foleni.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mama na mjomba hawakurudi Kinole. Walihamia kwangu kusimamia utekelezaji.

Walianza na vitu vya wazi. Chandarua kikafunguliwa kamba, tukawa tunakilalia badala ya kulala ndani yake. Kamba ya kuanikia ikashushwa, nguo tukatandaza juu ya maua ya jirani. Nywele zangu zikafumuliwa, nikakaa miezi na kichwa kama kiota. Cherehani ikafunikwa shuka, na mteja akija mama anamwambia fundi amesafiri, huku fundi nimekaa palepale nakunywa uji. Mama mwenyewe aliacha kufunga khanga. Akawa anaishika kwa mkono mmoja kifuani mchana kutwa, kwa hiyo kazi zote za nyumba alizifanya kwa mkono mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia kwa sababu alikuwa anazifanya kwa upendo. Mjomba akavua mkanda. Alikuwa mtu mwembamba, na suruali yake ya sikukuu ilimzidi kiuno, basi na yeye mkono mmoja ukaajiriwa. Ukiwaona wawili wale wanakuja na sinia la chai, kila mmoja ameshika upande wake kwa mkono uliobaki, ungetoa machozi.

Halafu ikaja mitumba. Mume wangu aliteremsha belo jipya uani, limebanwa na mikanda ile ya plastiki, anataka alilaze hadi siku ya gulio. Mjomba akasema hilo ni fundo kubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona. Mume wangu akaeleza kwamba belo linafunguliwa sokoni, mbele ya wateja, ndiyo biashara yenyewe, likifunguliwa nyumbani nani ataamini kwamba nguo nzuri hazijatolewa? Mjomba akasema na mtoto je, naye afunguliwe sokoni? Basi belo likakatwa uani. Lilikuwa la makoti ya baridi kali. Yakajaa uani, yakaingia sebuleni, kuku wakatagia mifukoni. Wanawake wa mtaa wakaanza kuja alfajiri kuchagua. Mume wangu aliuza kuliko alivyowahi kuuza sokoni na akakataa kabisa kukiri.

Kila siku palikuwa na kesi mpya. Vifungo vya shati? Mjomba alikaa navyo asubuhi nzima, akaamua kifungo si fundo kwa sababu kinapita tundu na kurudi. Zipu, ruhusa. Kamba za viatu, hapana. Rozari yangu ilikuwa ya uzi, ina kifundo kati ya shanga na shanga. Ikahamishiwa kwa jirani wa ng'ambo ya njia, mwanamke wa Kiislamu, akaitundika kwa heshima kubwa karibu na kalenda ya msikiti. Nikitaka kusali jioni nilikuwa nasimama dirishani naiangalia kwa mbali.

Mbuzi naye alifunguliwa, bila shaka. Nilikuwa na mbuzi mmoja mwenye tabia mbaya hata alipokuwa amefungwa.

Siku hiyohiyo akaja padre kunibariki. Alikuwa wa lile shirika la kanzu za kahawia, wanaojifunga kiunoni kamba nyeupe yenye mafundo matatu. Mama akamkuta mlangoni, akapiga goti, akapokea baraka, halafu akamwomba avue kamba. Padre akadhani hajasikia. Mama akarudia kwa adabu zote: Baba, ndani kuna mwenye mimba. Padre akaeleza kwamba mafundo yale matatu ni nadhiri zake, ufukara, useja na utii. Mama akasema anaelewa, aziache nje kidogo tu. Sijui mtu mwingine angefanyaje. Yule mzee wa Mungu akavua kamba, akaitundika kwenye uzio, akaingia anaburuza kanzu kama bibi harusi. Akanisalia sala nzuri hadi nikalia kweli. Tulipotoka kumsindikiza, mbuzi alikuwa ameshakula nadhiri mbili na anaendelea na ya tatu.

Nilicheka hadi mume wangu akaogopa, akaniambia niache, nitafungua uzi. Nikaacha ghafla. Hapo ndipo nilipojijua kwamba katika vituko vyote vile nilikuwa naogopa kila saa. Nilikuwa natembea kama niliyebeba mayai. Nikienda msalani nilikuwa natazama nyuma yangu kama kuna maji. Mwezi wa tano ulipoingia sikusema na mtu, na ulipopita nikakaa juu ya makoti ya mitumba nikalia kwa sauti, na mama akanishika kichwa kwa ule mkono wake mmoja. Hakuniuliza ninalia nini.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Uchungu ulinianza mchana wa saa nane, nachambua mchele, wiki chache kabla ya siku ya kutolewa uzi. Nikajiambia ni mgongo. Ukaja wa pili nikajua. Mume wangu akakimbilia teksi, na familia nzima ikapakiwa, mjomba ameshika suruali, mama ameshika khanga, mimi nimeshika kadi ya wino mwekundu.

Daktari hakuwepo. Alikuwa Arusha, kwenye semina. Nchi nzima enzi zile ilikuwa kwenye semina.

Mkunga wa zamu alikuwa dada kijana, mkavu wa uso. Akasoma kadi, hakupoteza neno, akanipandisha kitandani, akaweka sinia la vyombo, akachukua mkasi mrefu. Nikaona sasa nimefika. Mama akasimama kati ya mkunga na mimi.

"Siyo wewe," akamwambia. "Mwenye ufunguo ni daktari."

"Mama, toka," mkunga akasema.

"Wa kwanza alitoka bila kufunguliwa na mwenyewe. Tukamzika. Huyu atafunguliwa na aliyemfunga." Alisema hivyo bila kupaza sauti. Hakuwa anafanya ukorofi. Aliogopa vilevile nilivyoogopa mimi, ila kwa njia yake. Kutoka koridoni, nyuma ya pazia, tukamsikia mjomba anatangaza kwamba tusubiri kidogo, anawasiliana na daktari. Alikuwa anambipu. Hakuwa na salio la kupiga, kwa hiyo alikuwa anambipu mtu aliyeko Arusha kwenye semina na kusubiri apigiwe, mkono mmoja simu, mkono mmoja suruali.

Uchungu mwingine ukaja. Nikahisi kule ndani kitu kinavutwa, kama kitambaa kinapovutwa na mshono hautaki, na mimi najua kitambaa kinafanya nini baadaye. Kinachanika, na hakichaniki pale unapopenda.

Mimi sijawahi kumjibu mama yangu vibaya, na mjomba ndiyo kabisa, kwetu ni laana. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi koridoni, "Mtoto ni wa ukoo, sawa. Shamba la Kinole ni la ukoo, sawa. Kufuli hili ni langu. Ni mimi niliyekatwa, na ni mimi niliyeshonwa. Mama, mpishe dada."

Hata kubipu kulikoma. Mama akanitazama, halafu akasogea. Akaja kichwani kwangu, akanishika kwa mkono mmoja.

Mkunga akakata. Nilisikia kuachia, kama mpira wa sketi unapokatika njiani, na baada ya hapo sikuwa na nafasi ya kusikia kitu kingine. Alitoka jua halijazama. Wa kike, mdogo sana, amekunjamana, na sauti kubwa kuliko mwili. Mkunga akamweka juu yangu, akachukua uzi, akafunga kitovu. Akafunga fundo, akafunga na la pili juu yake, akakaza.

Lilikuwa fundo la kwanza tulilolishuhudia kwa miezi yote ile. Mama alilikodolea macho. Nikadhani atasema neno. Mkunga akaeleza kwamba kwa kuwa mtoto ni mdogo lazima akae kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, afungwe hapo ili apate joto, usiku na mchana. Akauliza kama tuna khanga. Mama akavua yake ileile, akabaki na gauni la ndani, akamzungushia mtoto na mimi pamoja, akapiga fundo mgongoni mwangu. Alivuta hadi nikakosa pumzi. Nikamwambia mama umekaza mno. Akasema nyamaza.

Koridoni simu ikalia. Tukamsikia mjomba anapokea. Daktari anauliza nani kambipu, yuko katikati ya mada. Mjomba akamjibu, "Usihangaike, mtani. Tumeshafungua." Halafu akamwomba mume wangu amwazime mkanda.

Mtoto yule alikua. Akawa mwembamba, mrefu, mbishi, anasoma shule ya hapahapa mjini na anapita Mazimbu kila Jumamosi kwa rafiki zake kama vile nyumbani hakuna watu. Alipofika miaka kumi na minne ikatangazwa kwamba wasichana wa umri wake watachanjwa shuleni dhidi ya kirusi kilekile. HPV yangu, ile iliyomfanya baba yake amuungame mwanamke wa Kilosa. Kumbe kilikuwa kitu cha kuzuiliwa kwa sindano ya mkononi. Nilipolisikia redioni nilizima cherehani nikakaa. Nilifurahi, na nikaona uchungu, vyote pamoja. Nilimfikiria wa kwanza.

Mtaani wakalisikia vingine. Jirani mmoja, mama wa binti aliyesoma darasa moja na wangu, akaja hadi kwenye cherehani yangu kunionya. Chanjo inafunga kizazi, akasema, watoto wetu hawatazaa, na wa kwake hachanjwi ng'o. Nikamwambia, "Katika mtaa huu mwanamke aliyefungwa kizazi ni mmoja, na unaongea naye. Nilifungwa kwa uzi, na nilichozaa ni yule anayekula maembe yako kila siku. Nilifungwa kwa sababu nilikatwa, na nilikatwa kwa sababu enzi zetu sindano hii haikuwepo. Mpeleke mtoto." Akaondoka amenuna.

Sikujua kwamba mama alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza. Alikuwa amezeeka, tumemteremsha kutoka Kinole anakaa na sisi, na neno "kufunga" lilikuwa halijatoka mwilini mwake. Asubuhi ya chanjo nikamkuta amekaa kitandani, amevaa.

"Watamchoma wapi?"

"Mkononi, mama."

"Hawatamkata?"

"Wanamchoma ili asije akakatwa kama mimi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Halafu akainuka, akafungua khanga yake kifuani, akaishika kwa mkono mmoja, akasema twende.

Wasichana walikuwa wamepangwa kwenye baraza la shule, soksi nyeupe, viatu vyeusi, wanacheka kwa woga. Muuguzi alikuwa na meza na boksi la barafu. Kabla sijamshika, mama akapita moja kwa moja hadi kwa mjukuu wake, akachuchumaa kwa shida zake zote za magoti, na kwa ule mkono uliobaki akamfungua kamba za viatu. Kimoja, kingine. Binti yangu akatamani ardhi ipasuke. "Bibi, jamani." Mama akaendelea. Akasogea kwa msichana anayefuata, akamfungua na yeye. Akasogea tena. Mwalimu akauliza, "Bibi, unafanya nini?" Mama akasema, "Nyie fanyeni kazi yenu na mimi nifanye yangu."

Nilisimama pale nimeona aibu, na nikiwa nimekasirika, maana nilikuwa nimetoka kuwaambia watu wote kwamba hakuna kinachofungwa. Halafu nikatazama mwisho wa mstari. Nyuma ya wote alisimama binti wa jirani yule aliyeondoka amenuna, na mama yake yuko getini, amekumbatia mkoba, anamwangalia mwanawe kama mama alivyoniangalia mimi kitandani siku ile. Mama yangu magoti yasingemfikisha huko.

Nikaenda mwisho wa mstari, nikapiga goti, nikaanza na viatu vya yule binti.